Siku mbili Bagamoyo na mabegi ya mgongoni: tuanzie wapi?

Mvita_Wanne:

Assalam aleikum wadau. Tuko marafiki wanne, wawili wa Mombasa na wawili wa Tanga. Tunashuka pwani kwa mabasi, mabegi mgongoni, na tunataka kulala Bagamoyo usiku mmoja kabla ya kuingia Dar. Tutafika Jumamosi adhuhuri na kuondoka Jumapili jioni. Tunachokifuata ni historia: misafara, Wajerumani, misheni na magofu ya Kaole.

Tunaomba msaada kwa haya. Tukitoka Tanga tushuke wapi ili tusifike Dar kisha tuanze kurudi nyuma? Tuanze na kipi, maana kwenye ramani ya simu vitu vimetawanyika? Kaole panafikika kwa miguu? Na kuna mtu ametuambia yapo majahazi yanayovuka kwenda Unguja kutoka hapo. Tunaweza kupanda?

Konda Mstaafu:

Waaleikum salaam, karibuni sana. Nianze na njia, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza nusu siku.

Mabasi ya Tanga kwenda Dar yote yanapita Segera, yanashuka Mkata na Mbwewe, yanavuka daraja la Wami, kisha yanafika Msata. Hapo njia zinagawanyika. Ukinyoosha unakwenda Lugoba na Chalinze, na ukikata kushoto unashika barabara ya lami ya kilomita 64 mpaka Bagamoyo. Baadhi ya mabasi ya Dar yanakata hapo na mengine yananyoosha, na kampuni hiyohiyo inaweza kubadilisha kutegemea foleni ya siku. Kwa hiyo swali la kuuliza dirishani siyo "mnafika Bagamoyo?", maana mpiga debe atakujibu ndiyo ili upande. Uliza hivi: "Leo mnapita Bagamoyo au Chalinze?" Ukijibiwa Chalinze, kata tiketi ya Msata, na bei mkubaliane kabla hamjakaa. Mkishaketi kondakta atawatoza nauli ya Dar nzima, na hamtakuwa na la kusema.

Msata mtapata magari madogo ya Bagamoyo. Yanaondoka yakijaa, yanasimama kila kijiji, na Kiwangwa yatakaa kidogo kwa sababu ya wauza mananasi. Mananasi ya pale ni ya kweli, nunueni, ila yamenywe palepale maana begi likibeba nanasi lililoiva mtajuta. Toka Msata hesabuni saa moja na nusu mpaka mbili. Ondokeni Tanga alfajiri: baada ya saa 10 jioni magari ya Msata hupungua na mnaweza kusubiri mpaka giza.

Basi kubwa likipita Bagamoyo huenda lisiingie stendi, likawaacha barabara kuu. Msitembee na mabegi kutafuta mji. Bajaji moja inabeba watatu pamoja na mizigo, kwa hiyo chukueni mbili.

Wale wawili wa Mombasa: pale Lunga Lunga na Horohoro muwe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mifuko ya plastiki ya kubebea iacheni nyumbani, nchini Tanzania mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Shilingi za Kenya zibadilisheni mpakani au Tanga, Bagamoyo msizitegemee.

Njia ya Misafara:

Mkuu hapo juu kamaliza barabara. Mimi niseme mpangilio wa mji, kwa sababu wageni wengi wanaanzia ufukweni, wanaona gofu moja moja, wanapiga picha na kuondoka bila kuelewa kwa nini vitu viko pale vilipo.

Bagamoyo ilijengwa na njia. Misafara ilitoka Ujiji na Tabora, zaidi ya kilomita 1,000, ikiwa na pembe za ndovu na watu waliotekwa, ikaingia mjini kutoka bara, ikapita mitaani mpaka forodhani, na mzigo ukavushwa Unguja. Basi nanyi tembeeni hivyohivyo, kutoka bara kwenda baharini. Mkifanya kinyume mtaona majengo tu.

Anzeni Karavanserai, upande wa bara wa mji. Ndiko misafara ilikofikia na kupumzika, na leo kuna makumbusho madogo na watumishi wa serikali wanaosimamia mambo ya kale. Hapo ndipo pa kulipia viingilio na kuchukua mwongoza wageni mwenye kitambulisho. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au benki, kwa hiyo muwe na salio kwenye simu ya Tanzania na msikubali kumpa mtu fedha mkononi bila risiti. Viingilio vya raia na vya mgeni havilingani, na mwanafunzi ana kiwango chake, kwa hiyo bebeni vitambulisho halisi, siyo picha kwenye simu.

Mkiwa hapo mwombeni mwongozaji aeleze habari za wapagazi, hasa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32, na aliubeba kwa miezi. Nyinyi mtakuwa na mabegi ya kilo 10 hivi. Vaeni begi dakika tano, muone mji kwa mguu wa mtu aliyefika nao amechoka. Sisemi hivi kwa mzaha. Historia ya Bagamoyo imeandikwa sana kwa majina ya Wazungu waliopita, na hao waliobeba hawana hata mnara.

Kutoka hapo ulizeni Mnara wa Dunda. Ni ngome ndogo ya mawe iliyojengwa 1889, wakati kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann ameletwa pamoja na askari wake kuzima vita vya Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliowapinga Wajerumani, ili kuilinda njia ya misafara. Wengi wanapita mbali nao kwa sababu ni mdogo na hauko ufukweni. Kwangu mimi ndio unaoeleza ukoloni kuliko jengo lolote: Mjerumani hakuanza kwa kujenga jumba, alianza kwa kuibana njia.

Halafu ingieni Mtaa wa India, mshuke mpaka forodha ya zamani na soko la samaki. Njiani mtaonyeshwa Liku House, makao ya kwanza ya utawala wa Wajerumani, na shule ambayo jengo lake lilitolewa na mfanyabiashara Sewa Haji Paroo katika miaka ya 1890, kwa sharti kwamba watoto wa kila asili wasome. Huyo ndiye Sewahaji wa jengo la wagonjwa pale hospitali ya Muhimbili, Dar.

Mambo mawili mtayasikia yakichanganywa, myashike vizuri. La kwanza, Abushiri bin Salim al-Harthi hakunyongwa Bagamoyo. Alinyongwa Pangani, Desemba 15, 1889. Mnara wa kunyongea ulioko Bagamoyo karibu na bahari ni wa watu wengine waliouawa na Wajerumani, nao wanastahili kukumbukwa kwa haki yao wenyewe. La pili, Boma kubwa lenye ghorofa si "ikulu ya makao makuu ya koloni". Lilijengwa 1897, na makao makuu yalikuwa yameshahamishiwa Dar es Salaam tangu 1891. Boma lilikuwa la wilaya.

Na kwa nini walihama? Nendeni ufukweni maji yakiwa yamekupwa, jibu mtaliona kwa macho. Bahari ni kina kifupi mno. Jahazi linaweza kukaa juu ya mchanga na kusubiri maji, meli ya mvuke haiwezi.

Boriti na Chokaa:

Nakubaliana na mpangilio wa hapo juu, ila saa haikubali. Wakifika Jumamosi adhuhuri, wakaweka mabegi na kula, inakuwa saa 8 mchana. Karavanserai mpaka forodhani kwa mwendo wa kuelewa huchukua muda wa saa tatu. Mtafika Mtaa wa India jua linazama na milango yake ya kuchongwa mtaiona nusunusu. Mimi ningeufanya mji Jumamosi lakini niikate Ngome Kongwe na Boma, niyaweke Jumapili, maana hayo yako upande wa kusini mwa mji na ndiyo njia ya Kaole.

Sasa mkifika Mtaa wa India msitazame milango kama picha. Isomeni. Mlango wa zamani wa pwani una mbao mbili, na katikati pana mhimili uliosimama unaoitwa mfaa, umeshikamana na ubao mmoja. Juu kuna kizingiti kilichochongwa. Ule wenye kizingiti bapa na maandishi ya Kiarabu ni mtindo mmoja, na ule wa juu ulioviringwa upinde, wenye maua yaliyobanana, unafuata mafundi wa Kihindi. Tazameni miimo kuanzia chini: mara nyingi mchongo huanza na samaki au mawimbi, ukapanda kama mnyororo au mmea. Ukikuta mwaka umechongwa, utakuwa wa Hijria. Njia ya haraka: zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mlango wenye 1310 unakupa takriban 1892, yaani Mjerumani keshakuwapo na bado watu walikuwa wanachonga milango yao.

Wenye nyumba wanaishi humo. Salamu kwanza, hodi, kisha omba picha. Ukimkuta mzee kibarazani usimpige picha ya pembeni ukadhani hajaona.

Kuhusu kuta, hili ni la usalama. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, zimeunganishwa kwa chokaa iliyochomwa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa boriti haiendi zaidi ya hapo. Nyumba ya namna hii huishi muda wote ambao paa halivuji. Paa likivuja, maji yanashuka ndani ya ukuta, chokaa inalegea, ncha ya boriti iliyofukiwa ukutani inaoza, na dari inakuja chini bila kutoa dalili nje. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliangusha sehemu ya Boma namna hiyo. Kibaya zaidi ni ukarabati wa saruji: saruji haipumui kama chokaa, inafungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya miaka michache plasta inabanduka na jiwe. Mkiona ukuta umevimba au plasta ya kijivu imetoa ungaunga mweupe, msiegemee na msikae chini yake. Msipande ngazi wala ghorofa ambayo mwongozaji hakuwapeleka, hata kama hakuna kamba.

Ngome Kongwe ina historia ya tabaka tabaka. Ilianza 1860 kama nyumba ya Abdallah Suleiman Marhabi, Sultani Barghash wa Zanzibar akaipanua na kuiimarisha, Wajerumani wakaweka jeshi, baadaye ikawa polisi na jela. Takeni mwongozaji awaonyeshe lipi ni la nyumba na lipi ni la jela. Asipojua, angalieni unene wa kuta na ukubwa wa madirisha, mtaona wenyewe.

Mvita_Wanne:

Shukrani sana, hii ni zaidi ya tulichotarajia. Basi Jumamosi mji, Jumapili upande wa kusini. Lakini misheni iko kaskazini na Kaole iko kusini, tutazipata zote Jumapili? Na kwenda Kaole tulifikiria kupita ufukweni kwa miguu, ni kama kilomita tano tu. Kuhusu majahazi bado hatujajibiwa.

Maji Mafu:

Dada au kaka Mvita, ufukweni hapana. Nitakueleza sababu ili usidhani ni vitisho.

Kati ya mji na Kaole kuna mikoko na vijito vya maji ya chumvi. Maji yakiwa yamekupwa vijito vinaonekana kama tope la kuruka tu. Yakianza kujaa yanaingia kwa nyuma yako kabla hujaona mbele, na tope la mikoko likilowa linashika mguu mpaka gotini. Mkiwa na viatu vya kamba na simu mfukoni, mtaacha kimoja au vyote. Pili, ufukwe ule una sehemu tupu zisizo na watu, na kikundi kigeni chenye mabegi kinaonekana toka mbali. Nendeni kwa barabara. Kama kilomita tano, mwendo wa saa moja na kidogo, au bajaji dakika kumi na tano. Ushauri wangu: nendeni kwa bajaji asubuhi na mapema, mrudi kwa miguu taratibu kama bado mna nguvu. Kaole ni uwanja wa wazi, kivuli ni cha mibuyu tu, na kuanzia saa 5 mawe yanachoma.

Bamvua na maji mafu mjifunze kabla hamjafika, maana ndizo zinazopanga siku ya Bagamoyo. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, yanakupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inasogea mbele karibu dakika 50. Ikifika tarehe 8 au 22 ni maji mafu: yanajaa mnamo saa 4 asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kalenda ya msikiti na saa ya mkononi zinakutosha.

Mnaotaka kuogelea, ingieni ndani ya saa mbili kabla au baada ya maji kujaa. Wakati wa bamvua maji yakikupwa mtatembea mbali sana na bado hayajafika kiunoni. Na msitegemee rangi ya Nungwi au Diani. Mto Ruvu unamwaga tope lake kaskazini mwa mji, kwa hiyo bahari hapa ni ya rangi ya chai ya maziwa nyakati za mvua. Vaeni viatu, chini kuna vigae vya chaza na ndoana zilizokatika.

Kaole yenyewe ni mji wa Waswahili wa karne ya 13 mpaka ya 16, wa kale kuliko kila kitu mtakachoona Bagamoyo. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya nguzo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapo 1958. Kwenye nguzo mtaona vishimo vya mviringo: palikuwa na bakuli za Kichina zilizopachikwa kama pambo, na vipande vyake viko kwenye makumbusho madogo hapohapo. Ingieni makumbusho kwanza, kisha magofu, ndipo vishimo vitakuwa na maana. Tazameni na kisima na kibla cha msikiti, kibla bado kinasomeka vizuri.

Kaburi la Sharifa watu bado wanaliendea kwa dua. Mkikuta watu, rudini nyuma, msiongee kwa sauti, msiguse ubani wala vitambaa. Ni mahali pa ibada, si gofu.

Majahazi: hapana, na hili sina mjadala nalo. Vyombo vya mizigo vinavyovuka toka Bagamoyo havina kibali cha kubeba abiria, na mgeni asiye Mtanzania akikutwa ndani ana kesi ya uhamiaji juu ya hatari ya bahari. Unguja iko zaidi ya kilomita 40, chombo hutegemea upepo, na mara nyingi huondoka usiku kufuata maji. Mzigo ukisogea au upepo ukigeuka katikati ya mkondo, hakuna majaketi ya kuokolea maisha yanayotosha idadi yenu. Atakayewaambia "nitawaficha kwenye turubai" anawaambia wazi kwamba mkizama hamtakuwa kwenye orodha yoyote. Nendeni Dar mpande boti ya abiria, ni kama saa mbili, mnafika na tiketi yenye jina. Mkitaka ladha ya tanga, kodisheni ngalawa ya kuzunguka karibu na ufukwe kwa saa moja maji yakiwa yamejaa, nahodha ajulikane na ofisi ya utalii, na jaketi mvae kabla hamjapanda, siyo baadaye.

Njia ya Misafara:

Misheni na Kaole siku moja inawezekana, kwa sharti kwamba mnaanza mapema. Saa 1 asubuhi muwe njiani kwenda Kaole, saa 4 mmerudi, Ngome na Boma mpaka saa 6, chakula, halafu misheni saa 8. Mkienda misheni asubuhi ya Jumapili mtakutana na misa, na si adabu kuzunguka kanisa na kamera watu wakiwa wanasali. Alasiri kuna utulivu na kivuli, kwa sababu ya ile njia ndefu ya miembe.

Misheni ilianzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Unguja mwaka 1868. Waliwanunua watu kutoka utumwani na kuwajengea kijiji. Mwongozaji wa makumbusho akifika hapo mwulizeni maswali magumu: hao watu walifanya kazi gani kwenye mashamba ya misheni, na walioa nani, walikwenda wapi baadaye. Makumbusho yana maelezo mengi, msiyapite mbio kwenda kutafuta jina la Livingstone.

Mnara wa kanisa la zamani ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao walimbeba kwa miezi tisa hivi. Kanisa kubwa lililosimama sasa ni la baadaye, lilikamilika 1914. Watu hupiga picha ya lile kubwa wakidhani ndilo. Ulizeni mnara.

Pale pia kuna mbuyu wenye ncha ya mnyororo inayotokeza kwenye gamba. Mnyororo ulifungwa karne ya 19, inasimuliwa kwa ajili ya punda, na mti ukaumeza. Imebaki sehemu ndogo tu nje, kwa hiyo msiivute.

Mama wa Magomeni:

Wanangu, mmeongea mawe na bahari, sasa mizigo na tumbo.

Kulala: gesti za kawaida ziko karibu na stendi na sokoni, za bei zaidi ziko ufukweni. Kwa safari yenu chukueni karibu na Mji Mkongwe wa Bagamoyo, msilipie bajaji kila mara. Kabla ya kulipa angalieni vitu vinne: chandarua kisichotoboka, feni inayozunguka, maji yanatoka bombani (fungueni, msiulize), na komeo la ndani. Mtaandikishwa kitabuni, toeni vitambulisho. Mkitoka Jumapili asubuhi ombeni mabegi yabaki mapokezi, pasipoti na fedha mchukue nyinyi. Begi kubwa lifungeni zipu mbili kwa kufuli dogo. Kutembea mjini na begi zima ni kujichosha na kugonga milango ya watu.

Chakula: alfajiri kuna vitumbua, maandazi na chai ya rangi au ya maziwa kwa mama ntilie. Mchana wali wa nazi na samaki. Soko la samaki lina mnada vyombo vikitia nanga, na alasiri pale wanakaanga samaki na pweza kwenye makarai makubwa. Chagueni kipande kilichotoka kwenye mafuta mbele ya macho yenu, kile kilichokaa juu ya meza tangu mchana kiacheni. Pweza mzuri unakatika kwa meno bila kuvutana. Samaki mbichi mkitaka kupikiwa, jicho liwe limetokeza na linang'aa, shavu la ndani jekundu.

Maji ya kunywa, lita tatu kwa mtu kwa siku ya Kaole, na chumvi kidogo au dafu. Kichwa kinachouma saa 9 alasiri mara nyingi ni jua na kiu, lakini mkipata homa baada ya safari kapimeni malaria, msikae kusubiri.

Mavazi: mji ni wa Waislamu kwa wingi. Mabega na magoti yafunikwe mitaani, kanga au kikoi ndani ya begi inatosha. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Mkienda mwezi wa Ramadhani mama ntilie wengi hawapiki mchana, wekeni akiba ya chakula chumbani na msile barabarani. Futari baada ya magharibi ndiyo itakuwa chakula chenu kizuri kuliko vyote.

Miezi: kuanzia Machi mpaka Mei ni masika, njia za mchanga zinakuwa bwawa na mbu wanazidi. Juni hadi Septemba upepo wa kusi unapoza. Mkibahatika na tamasha la chuo cha sanaa, TaSUBa, mtaona ngoma na sarakasi jioni, ila vyumba huisha, kwa hiyo pigeni simu mapema. Nje ya tamasha pia wanafunzi hufanya mazoezi, kaulizeni getini kama kuna onyesho wiki hiyo.

Konda Mstaafu:

Niongeze kuondoka. Jumapili jioni watu wa Dar waliokuja kupumzika wote wanarudi kwa wakati mmoja. Magari ya Bagamoyo kwenda Makumbusho, ile stendi ya Dar, yanajaa toka stendi, na Bunju mpaka Tegeta foleni inasimama. Mkimaliza misheni saa 10 nendeni moja kwa moja stendi. Mkichelewa mpaka saa 12 mtafika Makumbusho usiku na mabegi mgongoni, na hapo ndipo mikono inapochomeka mifukoni.

Pandeni stendi, msisubiri barabarani, kwa sababu njiani nafasi ni ya kusimama. Kaeni upande mmoja nyote wanne, mabegi madogo miguuni, makubwa nyuma ya siti ya mwisho ambapo mnayaona. Konda akitaka nauli ya begi mwambie litakaa mapajani, na likikaa mapajani halilipiwi. Nauli halali imebandikwa ndani ya gari kwa agizo la LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, someni kabla ya kutoa noti, na noti iwe ndogo.

Kama boti yenu ya Unguja ni ya asubuhi ya Jumatatu, msilale Bagamoyo usiku wa pili kwa kutegemea gari la alfajiri. Barabara ya Bagamoyo asubuhi ya Jumatatu ni ya wafanyakazi, na boti haisubiri. Laleni Dar karibu na bandari.